Springi za Kushusha Gari la Michezo: Zipi za Kununua, Zipi za Kuziacha Dukani

Kinachoharibu sura ya magari mengi ya michezo yanapotoka kiwandani ni pengo kati ya tairi na madigadi. Kiwanda hakina budi. Gari hilohilo linatakiwa lipande ukingo wa maegesho, libebe abiria na mizigo, na katika nchi za baridi lifungwe minyororo ya theluji. Mwenye gari anayejua kwamba lake halitafanya hayo yote ana kila sababu ya kulishusha, na njia nyepesi kuliko zote ni kubadilisha springi nne na kuziacha shokapu zilezile. Shida inaanzia kwenye boksi. Huandikwa namba moja kwa herufi kubwa, 30 mm au 45 mm, na wanunuzi wengi huamua kwa namba hiyo. Namba inayostahili kuulizwa kwanza ni nyingine: gari likishuka, shokapu itabaki na milimita ngapi kabla haijagota?

Seti zilizopimwa hapa zimepimwa kwa swali hilo. Sura ya gari imepewa uzito wake, kwa sababu ndiyo inayomtuma mtu dukani, lakini gari lililokaa vizuri kwenye picha halafu likagota kwenye kila kiraka cha lami ni gari ambalo mwenyewe atalichoka mapema sana.

Hesabu isiyoandikwa kwenye boksi

Kwenye fimbo ya kila shokapu kuna raba ya kugotea. Kazi yake ni kupokea pigo springi inapoishiwa nafasi, ili chuma kisikutane na chuma. Tuchukue mfano wa pembe moja ya mbele inayobeba kilo 300 bila kuhesabu gurudumu na breki, yenye springi ya kiwanda ya ugumu wa N/mm 25, yaani newtoni 25 kwa kila milimita inayobanwa. Gari likisimama tu, uzito huo unaibana springi takriban mm 118. Tuseme zimebaki mm 60 kabla ya kufika kwenye raba. Tairi likigonga tuta, springi inaweza kuongeza nguvu ya N 1,500 kabla raba haijaguswa.

Sasa weka springi inayoshusha mm 30, ngumu zaidi kwa asilimia 30, yaani N/mm 32.5. Nafasi iliyobaki ni mm 30, na nguvu utakayoipata kabla ya kugota ni N 975. Springi imekuwa ngumu, dereva anausikia ugumu huo mgongoni, na bado uwezo wa kupokea pigo umepungua kwa zaidi ya theluthi moja. Ili nguvu ile irudi, springi ingetakiwa kuwa na N/mm 50, mara mbili ya kiwanda. Ukipima kwa nishati ya pigo badala ya nguvu, ingetakiwa kuwa ngumu mara nne, maana nishati huenda kwa kipeo cha pili cha nafasi. Hakuna springi ya kawaida ya kushusha inayouzwa ikiwa na ugumu huo. Kwa hiyo kila gari lililoshushwa kwa springi pekee hutegemea raba ya kugotea mara nyingi kuliko lilivyofanya awali, na raba hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya springi. Seti nzuri huja na raba zake fupi za povu la poliyurithini, zinazoanza laini na kukaza polepole, au huja na maelekezo ya wazi ya kukata zile za kiwanda kwa milimita fulani. Seti isiyosema neno lolote kuhusu raba imeacha nusu ya kazi bila kufanywa.

Upande wa pili wa hesabu ni gari linapoinuliwa na gurudumu kuning'inia. Kwa mfano uleule, springi ya N/mm 32 hubanwa mm 92 na uzito wa gari. Ili gari lishuke mm 25, urefu wa springi ikiwa huru lazima upungue kwa mm 51 kuliko ya kiwanda, kwa sababu springi ngumu hubanwa kidogo. Kama shokapu ya kiwanda ilikuwa na mm 80 za kuteremka, sasa ina mm 105. Mm 105 ni zaidi ya 92, kwa hiyo gurudumu likining'inia springi italegea kwa mm 13 na inaweza kutoka kwenye kikombe chake. Hapo ndipo faida ya springi zenye ugumu unaopanda inapoonekana. Utaona mizunguko ya upande mmoja imekaribiana sana. Hiyo ni mizunguko laini inayojifunga karibu yote gari likiwa chini, na inafunguka gari likiinuliwa ili springi ibaki imebana. Wengi huidhani ni ya kuongeza starehe. Starehe inaongezeka kidogo, lakini kazi yake kubwa ni kuishika springi mahali pake.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji jambo hili kwa ajili ya gari lako: springi hubaki imebana shokapu ya kiwanda ikinyooka yote? Asipokuwa na jibu, tafuta seti nyingine.

Seti kwa seti

Eibach Pro-Kit ndiyo ninayoiweka mbele kwa gari linaloendeshwa kila siku. Kwa magari mengi ya michezo inashusha kati ya mm 20 na 30, na ugumu wake hauendi mbali na wa kiwanda, hivyo shokapu nzima ya kiwanda inaimudu. Kwa kasi ya barabara kuu gari linatulia, mwinamo kwenye kona unapungua, na pua haizami sana ukifunga breki. Kasoro yake ni ya macho. Kwa anayetaka tairi liingie ndani ya madigadi, Pro-Kit itamwachia pengo la vidole viwili hivi, hasa mbele. Kampuni hiyohiyo ina Sportline, inayoshuka zaidi, kwa magari mengi kati ya mm 30 na 50. Sura yake inapendeza kweli. Lakini rudia hesabu ya juu ukitumia mm 45 na utaona kwa nini ninaikubali kwa sharti moja tu: shokapu fupi.

H&R Sport hukaa kati ya hizo mbili. Mara nyingi ni chini kidogo na ngumu kidogo kuliko Pro-Kit, na dereva anayependa gari lijibu haraka atafurahia tofauti hiyo usukani unapogeuzwa. Kwenye lami mbovu ni kali. Ukiwa na rimu za inchi 19 na matairi membamba ya ubavuni, Pro-Kit itakufaa zaidi, kwa sababu ubavu wa tairi nao ni springi na tayari umeshaupunguza. Super Sport ya H&R ni ya kushuka sana, na sharti la shokapu fupi linaihusu vilevile.

Tein wana ngazi mbili ambazo watu huzichanganya. H.Tech inashusha kiasi na inalenga starehe. S.Tech inashuka zaidi na imetengenezwa kwa ajili ya sura. Zote ni za kijani, kwa hiyo soma lebo, usitazame rangi. Kwa magari ya Kijapani zinapatikana kwa aina nyingi kuliko seti nyingi za Ulaya, na hilo lina maana kwa mwenye gari ambalo Wajerumani hawakulitengenezea seti. Kwa S.Tech, kagua raba za nyuma kwa makini, kwa sababu huko ndiko nafasi huisha kwanza gari likibeba abiria.

Swift Spec-R ni ya dereva. Haishushi sana, ugumu wake uko juu, na springi zenyewe ni nyepesi kwa sababu chuma chake kinaruhusu mizunguko michache. Mizunguko michache huacha nafasi kubwa kati ya mzunguko na mzunguko, hivyo springi haijifungi mapema. Kwa gari linalopelekwa uwanja wa mbio mara kwa mara na kurudi nyumbani kwa magurudumu yake, hii ndiyo ningeichagua, mradi shokapu ziwe nzima kabisa. Shokapu zilizochoka zitaachwa nyuma na springi hii, na gari litaendelea kuruka baada ya kila tuta.

RS-R wana mfululizo wa Ti2000, na jambo la pekee kwao ni dhamana ya springi kutozama. Kuzama ndiyo aibu kubwa ya springi za bei ya chini: leo gari limekaa sawa, baada ya mwaka upande wa dereva uko chini zaidi. Springi bora hubanwa kiwandani hadi mizunguko igusane kabla haijafungwa kwenye boksi, ili uzamaji wowote utokee hukohuko. Zisizobanwa huzamia kwenye gari lako.

Kwa gari lenye shokapu za kielektroniki, usianze kwa kuzing'oa. KW hutengeneza seti za springi zenye pete ya kurekebishia kimo, zinazotumia shokapu zilezile za kiwanda, na unaweza kupandisha au kushusha kila pembe ndani ya kiwango kilichopitishwa. Gharama iko juu ya springi za kawaida, ila unabaki na starehe na mitambo yote ya gari ikifanya kazi. Kwa gari la aina hiyo ni fedha iliyotumika vizuri.

Springi zisizo na jina zinazouzwa kwa maneno "zinaingia magari yote ya modeli hii" ziache. Springi hutengenezwa kwa uzito wa ekseli. Gari moja lenye injini ndogo na giaboksi ya mkono linaweza kuwa na namba tofauti kabisa ya springi na ndugu yake mwenye injini kubwa na giaboksi ya otomatiki. Kibati cha gari kinataja uzito wa juu unaoruhusiwa kwa ekseli ya mbele na ya nyuma, na karatasi za seti za Ulaya hutaja hadi kilo ngapi kwa kila ekseli. Linganisha namba hizo kabla ya kuagiza. Ukiweka springi ya injini nyepesi kwenye gari zito, litashuka kuliko ulivyoahidiwa, na hapo hakuna wa kulaumiwa ila namba iliyoandikwa kwenye oda.

Kukata springi za kiwanda ni jambo la kukataa moja kwa moja. Springi yenye mizunguko sita inayofanya kazi ikikatwa mmoja inakuwa ngumu kwa asilimia 20, lakini ncha iliyobaki haikai sawa kwenye kikombe, na gurudumu likining'inia springi inaruka nje. Kuchoma kwa moto ni hatari zaidi, kwa sababu joto linaua ugumu wa chuma na hakuna anayeweza kusema itavunjika lini.

Shokapu: zilezile, au mpya?

Springi ikikaza kwa asilimia 30, nguvu ya shokapu inayohitajika kuituliza kwa kiwango kilekile hupanda kwa takriban asilimia 14, kwa sababu inakwenda na kipeuo cha pili cha ugumu. Shokapu nzima ya kiwanda kwa kawaida ina akiba ya kiasi hicho. Shokapu iliyochoka haina. Ndiyo maana springi ileile husifiwa na mmoja na kutukanwa na mwingine: mmoja ana gari jipya, mwingine ana gari la miaka kumi.

Kagua kabla ya kuagiza. Mafuta yanayotiririka kwenye mwili wa shokapu ni hukumu tosha, ingawa unyevu kidogo karibu na sili si kifo. Matairi yaliyoliwa kwa mabonde na vilima ni dalili nyingine. Shokapu ikiwa mkononi, ibane hadi chini: nguvu iwe ileile njia nzima, bila sehemu inayoteleza tupu. Ukikuta moja mbovu, badilisha mbili za ekseli hiyo.

Ukiamua kununua mpya, chagua urefu kabla ya kuchagua jina. Kwa Bilstein, B6 ina urefu wa kiwanda na B8 imefupishwa kwa ajili ya springi za kushusha. Kununua B6 halafu kuiweka na Sportline ni kulipa fedha nyingi na kubaki na tatizo lilelile la kugota. Seti ya B12 inaunganisha shokapu za Bilstein na springi za Eibach, Pro-Kit au Sportline, na kwa gari ambalo shokapu zake zimekwisha ndiyo njia fupi, kwani vipande vimeshalinganishwa. Koni Sport za njano zinakuruhusu kurekebisha nguvu ya kurudi juu. Ukizifunga, anza na mpangilio laini kabisa, uendeshe, kisha uongeze robo mzunguko kwa robo. Wanaozikaza hadi mwisho siku ya kwanza huishia na gari lisilorudi juu kati ya tuta na tuta: kila pigo linalishusha kidogo zaidi hadi linakaa kwenye raba.

Pengo si la springi peke yake

Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, gari likiwa mahali tambarare na tangi likiwa nusu. Ukipima kutoka chini, upepo wa tairi na kulika kwake vitakudanganya. Tofauti ya mm 5 kati ya kushoto na kulia ni ya kawaida. Gari zuri la michezo hupendeza mbele ikiwa chini kuliko nyuma kwa mm 5 hadi 10. Mkia ukiwa chini, hata gari la kasi linaonekana limebeba mchanga, kwa hiyo soma namba ya nyuma ya seti kwa makini kuliko ya mbele.

Tairi nalo lina neno. Chukua Toyota 86 ya mwaka 2012 na pacha wake Subaru BRZ, yenye matairi ya 215/45R17. Kipenyo chake ni mm 625. Ukiweka 225/45R17, kipenyo kinafika mm 634, na pengo juu ya tairi linapungua mm 4.5 bila springi kuguswa. Spesa za mm 10 hadi 15 zinazolisogeza gurudumu hadi usawa wa madigadi hufanya kazi kubwa zaidi machoni. Gari lililoshushwa mm 25 lenye magurudumu yaliyojaa upana hukaa vizuri kuliko lililoshushwa mm 45 lenye magurudumu yaliyozama ndani, na linabaki na mm 20 za shokapu ambazo lile jingine limezitupa. Spesa iwe ile inayokaa barabara kwenye kitovu, na kama rimu zinafungwa kwa bolti, bolti mpya ziwe ndefu kwa unene uleule wa spesa.

Kufunga

Kazi ya kufunga ni ya siku moja kwa fundi mwenye vifaa, na makosa yake hujirudia. Kubwa kuliko yote ni kulegeza nati ya juu ya shokapu kabla springi haijabanwa. Springi ya mbele ikiwa kwenye shokapu imehifadhi nguvu ya kuvunja mkono. Kompresa mbili zikae zikitazamana, zishike mizunguko mingi iwezekanavyo, zikazwe kwa zamu, mizunguko michache upande huu kisha upande ule, hadi springi icheze kwenye kikombe. Ndipo nati ya juu inaguswa, fimbo ikishikwa kwa ufunguo wa pembe sita. Bunduki ya upepo isitumike hapo, kwa sababu inaizungusha fimbo na kuharibu sili.

Kwenye springi za Ulaya utakuta alama VA kwa mbele na HA kwa nyuma. Maandishi yasomeke yakiwa wima, na ncha ya mwisho iguse kizuizi kilicho kwenye kikombe. Ncha ikikaa hata sentimita moja pembeni, utasikia "tok" kila unapogeuza usukani ukiwa umesimama, springi inapojirudisha. Raba za juu na za chini zilizopasuka zibadilishwe papo hapo, pamoja na beringi za juu za mbele, kwa kuwa kazi ya kuzifikia imekwishafanyika. Raba ya kugotea ikatwe pale tu maelekezo yanaposema. Ukiikata zaidi, tairi litapiga ndani ya madigadi au pistoni itapiga chini ya shokapu.

Hatua inayorukwa na mafundi wengi ni bushi. Bolti za mikono ya chini na za nyuma zilizolegezwa zisikazwe gari likiwa limening'inia. Bushi ya raba imeshikwa pande zote mbili na hujisokota gari linapopanda na kushuka. Ukiikaza magurudumu yakiwa hewani kisha ukalishusha gari, bushi inaishi ikiwa imesokotwa, inapasuka mapema, na gari linakaa juu kwa milimita kadhaa. Mwenye gari anadhani springi hazikushuka, kumbe ni bushi zinazolishikilia. Weka jeki chini ya mkono hadi gari linapotaka kuinuka kwenye stendi, au lipandishe kwenye njia za kuegeshea, ndipo ukaze kwa spana ya kupimia nguvu kwa kiwango cha kitabu cha gari.

Kabla ya kurudisha magurudumu, angalia waya za ABS na mipira ya breki, usukani ukigeuzwa hadi mwisho kila upande. Linki za stabilaiza nazo ziangaliwe pembe zake. Kwenye baadhi ya magari, kushuka mm 30 hulaza linki hadi inagusa shokapu, na mlio wake hufanana sana na wa springi iliyokaa vibaya.

Wiki za kwanza

Baada ya kilomita mia chache, springi zitakuwa zimetulia na gari limeshuka milimita nyingine chache. Pima tena pembe zote nne na uandike. Alaimenti ya kwanza ifanyike mara moja baada ya kufunga ili matairi yasiliwe, na ya mwisho ifanyike gari likishatulia. Kwa gharama ni afadhali kufanya mbili kuliko kununua matairi mawili.

Kushusha huongeza kemba hasi, yaani gurudumu kuinamia ndani kwa juu, hasa nyuma kwenye magari yenye mikono miwili. Kwa 86 na BRZ, mm 25 huongeza takriban nusu digrii hadi digrii moja nyuma, na gari halina marekebisho ya kemba ya kiwandani huko. Mbele unaweza kutumia bolti ya kemba kwenye tundu la juu la shokapu. Nyuma utahitaji mikono inayorekebishika ukitaka kuirudisha. Kwa barabara, kemba hasi ya digrii 1 hadi 1.5 mbele na 1.5 hivi nyuma haina ubaya. Linalokula matairi upande wa ndani kwa haraka ni tou, yaani magurudumu kutazama ndani au nje kwa mbele, na tou hubadilika kila kimo kinapobadilika. Iweke karibu na sifuri mbele na kuingia ndani kidogo nyuma.

Magari yenye shokapu za MacPherson mbele, ambako shokapu yenyewe ndiyo inayoshika gurudumu kwa juu badala ya mkono wa pili, yana jambo jingine. Mkono wa chini ukishavuka usawa na kuanza kuinama kuelekea kwenye gari, kemba haiongezeki tena vizuri gari linapoegama, na kitovu cha mwinamo, nukta ambayo gari huinama kuizunguka, hushuka haraka kuliko kitovu cha uzito wa gari. Matokeo ni gari lililo chini zaidi ila linalotaka kuinama zaidi. Kwa hiyo mm 25 hadi 30 ndio ukingo wangu kwa mbele ya MacPherson bila kubadilisha boljointi. Tie rodi nazo hazilali sambamba na mkono tena, na tuta likipigwa na gurudumu moja usukani unavuta. Mazda MX-5, yenye mikono miwili mbele na marekebisho ya kemba ya kiwandani, huvumilia kushushwa kuliko 86 kwa sababu hiyo.

Mwisho ni taa. Magari yenye taa zinazojirekebisha hutumia kijiti cha kihisi kilichofungwa kwenye mkono wa nyuma, na kwa baadhi hata mbele. Gari likishuka, kihisi kinadhani limebeba mzigo na kinaziinamisha taa, au kinatoa onyo kwenye dashibodi. Kijiti kirekebishwe au mfumo upewe sifuri mpya kwa kompyuta. Gari lenye kamera ya kioo cha mbele au rada ya breki za dharura lipelekwe kwa mwenye vifaa vya kulisawazisha baada ya alaimenti ya mwisho, kwa sababu kamera hiyo inapima umbali kwa kimo ambacho gari halina tena.